“Nimefanya Kosa Gani?”

(Hotuba iliyosomwa msikitini baada ya Sala ya Ijumaa na mmoja wa ndugu zetu, kwa niaba yake na mkewe.)



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, tumetakiwa tueleze yaliyompata mwanetu, ambaye wengi wenu mlimwombea dua katika safu hizi.

Alikuwa na umri wa miaka sita taya lake lilipoanza kuvimba. Tulidhani ni jino, akang’olewa mawili. Meno mengine yakalegea, uvimbe ukapanda hadi chini ya jicho. Hapo tukakosea, nasi twakiri mbele yenu: tulimpeleka kwa mtu aliyetuambia kuwa ni jicho la hasidi, akamfunga hirizi, tukapoteza wiki tatu. Sisi tunaokataza hirizi katika darsa zetu!

Katika hospitali ya rufaa walikata kipande kidogo cha uvimbe wakakipima, wakatuambia ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Jina hilo ni la Dk. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, ambaye mwaka 1958 aliandika habari za watoto wa Uganda wenye uvimbe wa taya kama huu. Huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, na hukua upesi mno, hivyo wiki zile tatu hazikuwa jambo dogo. Lakini ni katika saratani zinazoitikia dawa vizuri. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Dawa mojawapo aliyodungwa mwanetu, vinkristini, hutokana na ua dogo lenye asili ya Madagaska, ambalo watu hulipanda uani kuwa pambo. Huenda tulilipita tukienda kufungiwa hirizi.

Baada ya dozi ya kwanza uvimbe ulinywea kwa siku chache tu. Jamaa wakatujia: amepona, mrudisheni nyumbani, nauli na chakula vimekwisha wamaliza. Daktari akatuketisha, akatueleza kwamba kinachoonekana kimeondoka lakini kisichoonekana bado kimo mwilini, na kikirudi huwa kigumu kutibika. Tukabaki, tukipokezana zamu wodini.

Mwenye kubeba mzigo alikuwa mtoto. Alitapika, vidonda vya mdomo vikamzuia hata kumeza uji, nywele zake tulizikuta juu ya mto. Aliyoiogopa zaidi ni sindano ya uti wa mgongo. Alijikunja kama alivyoelekezwa, akasoma Al-Fatiha, akimaliza anaanza upya, mpaka sindano itolewe.

Usiku mmoja akauliza: “Baba, nimefanya kosa gani hata Mungu ananiadhibu?” Kumbe aliwasikia watu wazima wakinong’ona kando ya kitanda chake. Tukamwambia kwamba mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe, na kwamba Nabii Ayyub (a.s.) alikuwa mja mwema, naye aliugua sana. Akauliza kama Nabii Ayyub naye nywele zilimtoka. Tukamjibu hatujui. Akalala.

Huu ni mwaka wa pili tangu dozi ya mwisho. Nywele zimerudi, pengo la meno lipo. Madrasa amewekwa na wadogo wake, jambo linalomuudhi. Kliniki anakwenda bado, na harufu ya spiriti humshtua.

Ndugu zetu, katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kuchelewa ni sababu mojawapo, na kuacha matibabu njiani ni nyingine. Mtoto mmoja tuliyekuwa naye wodini anatoka mtaa huu huu. Ameondolewa baada ya dozi ya pili, kwa kuwa uvimbe umekwisha na fedha zimekwisha. Baba yake amekubali kumrudisha. Basi linaondoka Jumapili alfajiri, na nauli ya watu wawili haijatimia. Mweka hazina yupo mlangoni.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.