Chombo na Maji Yake
Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

  Mimi ni afisa elimu wenu. Mwalimu, tafadhali ongeza sauti ya redio kidogo. Na kila mwenye daftari aweke kalamu tayari.

Leo hatusomi habari za mahindi wala za mihogo. Tunasoma habari za manowari, yaani meli za vita. Hasa tutazitazama zile manowari nyembamba na nyepesi ambazo Waingereza waliziunda miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Huitwa distroya. Andikeni neno hilo: di-stro-ya.

Huenda mzee mmoja huko nyuma anajiuliza, "Sisi na manowari wapi na wapi? Bahari hatuna." Baba, swali lako ni zuri. Nami nitakuuliza lingine. Ule mtumbwi mdogo unaovukia Mto Mara, je, utautoa mpaka katikati ya Ziwa Victoria siku ya upepo mkali? Hutathubutu. Na je, meli kubwa ya ziwani, ukiileta Mto Mara wakati wa kiangazi, itapita? Itakwama mchangani. Basi somo la leo umekwisha kulianza mwenyewe. Kila chombo kina maji yake.

Sasa sikilizeni jinsi distroya zilivyozaliwa.

Mwaka 1866 Mwingereza mmoja jina lake Robert Whitehead, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Austria, alitengeneza silaha mpya. Inaitwa topedo. Ni kombora lenye umbo kama la samaki, nalo huenda lenyewe chini ya maji mpaka likapiga ubavu wa meli na kulipuka. Baadaye mataifa mengi yakaunda boti ndogo zenye mbio za kubeba topedo. Wenye meli kubwa wakaingiwa na hofu. Meli iliyogharimu fedha nyingi sana ingeweza kuzamishwa usiku na kiboti kidogo. Ni kama fahali aumwaye na nyoka.

Waingereza wakatafuta dawa. Wakaunda chombo kikubwa kidogo kuliko boti zile, chenye mizinga, na chenye mbio za kuzifukuza. Mmoja wa wa kwanza uliitwa Havock, uliotiwa majini mwaka 1893. Uliweza kwenda maili 30 hivi kwa saa. Jina la aina hii lilikuwa refu, maana yake "kiharibu boti za topedo." Baadaye watu wakalikata, wakabakiza "kiharibu" tu, na ndiyo distroya.

Lakini mbio hazipatikani bure. Ukitaka chombo kiende mbio, ukifanye chembamba na chepesi. Ukikifanya chepesi, bamba zake za chuma huwa nyembamba. Mafundi waliendelea kushindana. Maili 30 kwa saa hazikutosha, wakataka 35 na zaidi. Distroya mpya zilijaribiwa siku za bahari shwari, mwendo wao ukaandikwa vitabuni, na watu wakasifu.

Ndipo likaja jambo la Cobra. Cobra ilikuwa distroya yenye injini ya namna mpya iitwayo tabini, ambayo mvuke huzungusha mapanga mengi madogo kama upepo uzungushavyo kishada. Tarehe 18 Septemba 1901 ilikuwa safarini katika Bahari ya Kaskazini, na bahari ilikuwa imechafuka. Ikakatika vipande viwili. Walikufa watu 67, mabaharia pamoja na mafundi wa kiwandani, na 12 tu wakaokoka. Baraza la kijeshi lililochunguza liliamua kwamba haikugonga kitu. Mwili wake ulikuwa dhaifu. Haraka haraka haina baraka.

Shikeni kalamu. Andikeni 67, na chini yake 12. Jumlisheni. Mmepata ngapi? Naam, 79. Hao ndio watu waliokuwamo. Tunapojifunza hesabu, tusisahau kwamba nyuma ya tarakimu mara nyingi wamo watu.

Baada ya hapo Waingereza wakabadili njia. Kuanzia mwaka 1903 walitia majini distroya zilizoitwa kwa majina ya mito ya kwao. Mwendo wake ulikuwa maili 29 tu kwa saa, chini ya zile za zamani. Lakini mwili wake ulikuwa na nguvu zaidi. Tena upande wa mbele, ambao mabaharia huuita omo, uliinuliwa juu ili mawimbi yasimwagike ndani kila mara. Siku ya bahari shwari zilipitwa. Siku ya bahari chafu zilisonga mbele, huku zile zenye sifa zikilazimika kupunguza mwendo. Basi ipi ilikuwa na mbio? Jibuni wenyewe.

Kisha zikaja nyingine zilizopewa majina ya makabila na mataifa ya watu. Hizi zilichoma mafuta badala ya makaa ya mawe, na zilikimbia maili 38 kwa saa. Mbili kati yake zilikuwa na majina ya Kiafrika, Zulu na Nubian. Katika vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1916, Nubian ilipigwa topedo ikaharibika omo. Muda mfupi baadaye Zulu iligusa bomu la majini ikaharibika tezi, yaani upande wa nyuma. Mafundi wakachukua tezi ya Nubian na omo ya Zulu, wakaziunga. Mwaka 1917 meli mpya ikaingia kazini. Waliiitaje? Chukueni silabi ya kwanza ya Zulu, na mwisho wa Nubian. Zu-bian. Zubian! Kama mnavyounga silabi ubaoni, ndivyo walivyounga meli.

Sasa turudi kwetu, maana vita hivyo vilifika mpaka pwani yetu.

Wakati ule Tanzania Bara ilitawaliwa na Wadachi, yaani Wajerumani, na Zanzibar ilikuwa chini ya Waingereza. Wajerumani walikuwa na manowari moja kubwa hapa, jina lake Königsberg, yenye mizinga 10 mikubwa. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus ilikuwa na mizinga 8, lakini makombora yake hayakufika mbali kama ya adui. Ilipigwa mahali pale pale ilipokaa, ikazama. Watu zaidi ya 30 walikufa. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Zanzibar.

Hata hivyo Königsberg nayo ilikuwa mgonjwa. Mitambo yake ilihitaji matengenezo. Ikajificha katika midomo ya Mto Rufiji, mahali penye mikoko mingi na njia nyingi za maji. Waingereza hawakudhani kwamba meli kubwa kama ile ingeweza kuingia, maana ramani zao hazikuonyesha njia yenye kina cha kutosha. Wajerumani walikuwa wamepima kina cha maji yale kabla ya vita, wakaandika. Mnaona, ndugu zangu? Aliyepima na kuandika alipata maficho. Asiyekuwa na maandishi alibaki nje miezi mingi.

Meli kubwa za Waingereza zilikuja na mizinga yao, zikasimama baharini. Kuingia mtoni hazikuweza, kwa kuwa zilihitaji maji mengi chini yake. Mbio hazikusaidia, wala ukubwa haukusaidia. Ilitakiwa meli yenye mizinga mikubwa na tumbo bapa.

Meli za namna hiyo zilikuwapo. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vimeunda meli tatu za vita za mtoni kwa ajili ya nchi ya Brazil, na vita vilipoanza mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikazinunua. Mbili kati yake, Severn na Mersey, zilitumwa Rufiji. Zilienda polepole. Baharini zilihangaika sana, hata zikavutwa na meli nyingine kutoka Malta. Lakini ziliingia ndani ya maji chini ya futi 6 tu. Mtu mrefu angeweza kusimama pale zilipopita, maji yakamfikia kichwani.

Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia mtoni, zikapigana, zikarudi bila kushinda. Tarehe 11 Julai zikaingia tena. Ndege iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia ilitazama makombora yanakoanguka na kupeleka habari kwa simu ya upepo. Siku hiyo Königsberg ilipigwa vibaya, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Basi manowari iliyotisha bahari nzima ilimalizwa na vyombo viwili vya mwendo wa pole, vilivyoumbwa kwa maji ya mtoni.

Je, mambo yaliishia hapo? La. Wajerumani waliitoa ile mizinga 10 mtoni, wakaitia magurudumu, ikapelekwa vitani nchi kavu. Mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Nani aliivuta mizinga ile? Watu wetu. Hata kabla yake, vipande vya mitambo ya Königsberg vilivutwa kwa mikono ya watu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Waingereza nao walichukua wapagazi wengi mno, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Manowari zina majina yao vitabuni. Wapagazi wengi hawana. Hiyo nayo ni sababu ya kujifunza kuandika: mtu aweze kuliweka jina lake mwenyewe.

Na ziwa letu halikusalimika. Katika Ziwa Victoria Waingereza walizitia mizinga meli za abiria na mizigo. Moja yake, iitwayo Sybil, iligonga mwamba mwaka 1914 karibu na Majita, hapa hapa mkoani Mara. Ilikaa hapo mpaka mwaka 1915 ilipokwamuliwa. Maji hayajali bendera. Hujali kina na mwamba.

Sasa nitawaambia jambo langu mwenyewe, nalo si la kujisifu.

Miaka michache iliyopita nilipanda boti ya abiria ziwani. Ubavuni palikuwa na mstari uliopakwa rangi. Mstari huo huonyesha mwisho wa kupakia: maji yakiufunika, chombo kimezidiwa. Siku ile ulikuwa umefunikwa. Mimi nimesoma mpaka nikapata stashahada ya chuo kikuu. Niliuona, nikaelewa, nikanyamaza. Nilikuwa na haraka, tena niliona haya kusema mbele za watu. Kando yangu alikaa mama mmoja na mtoto mgongoni. Alinitazama, mimi mwenye mkoba na kalamu mfukoni. Nadhani alisema moyoni, "Huyu msomi ametulia, basi hakuna hatari."

Tulifika salama. Lakini tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika ziwa hili hili. Kiliundwa kubeba watu 101, na siku ile walipanda wengi kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 220. Nilipopata habari nilimkumbuka yule mama. Tangu siku hiyo nauona ukimya wangu kuwa deni.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Wamesema kweli. Lakini kabla ya kuzama kina watu, na watu wana macho na midomo. Wale waliounda Cobra walikuwa mafundi stadi, na bado walikosea kipimo. Basi nahodha wa boti ndogo hawezi kukosea? Ninyi sasa mnajua kusoma tarakimu. Siku mtakapofika Musoma, au Mwanza, au kivuko chochote, tazameni ubao ulioandikwa idadi ya abiria. Tazameni mstari wa ubavuni. Ukiona umezama, shuka, kisha sema kwa sauti, ili asiyejua kusoma naye asikie.

Sasa mwalimu ataandika maswali haya ubaoni.

1. Distroya ziliundwa kwanza kwa kazi gani?
2. Kwa nini Cobra ilikatika?
3. Unganeni wawili wawili, muandike jina la Zubian, kisha mlikate kwa silabi.
4. Kwa nini Severn na Mersey ziliweza kuingia Rufiji?
5. Kivuko kimeandikwa watu 101. Wamepanda watu 130. Wamezidi wangapi? Nawe utafanya nini?

Swali la tano msilijibu kwa tarakimu peke yake. Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.