Dawa ya Moto ni Moto: Jinsi Joto la Jua Linavyofanya Barafu



Jambo nitakalowaeleza jioni hii huenda likasikika kama kitendawili. Nataka kuonyesha ya kuwa jua hili hili linalochachusha maziwa na kuozesha samaki laweza kutumika kugandisha maji yakawa barafu. Wazee wetu walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Walisema hayo kwa maana nyingine, lakini mafundi wa mitambo wameyatimiza kwa njia ambayo wazee hawakuidhania.

Yafaa kwanza tufahamu baridi ni nini. Baridi si kitu kinachotiwa ndani ya chombo. Ni upungufu wa joto tu. Atakaye kukipoza kitu hana budi kuliondoa joto lililomo na kulipeleka mahali pengine. Mtungi wa udongo hufanya kazi hiyo kila siku nyumbani mwetu. Maji hupenya polepole katika udongo, yakatokea nje kama jasho, na upepo ukayachukua. Nayo maji hayawezi kugeuka mvuke bila kupata joto. Basi hulitwaa katika mtungi na katika maji yaliyobaki ndani, na ndiyo sababu maji ya mtungini hutuburudisha. Mtu aliyepakwa spiriti mkononi kabla ya kupigwa sindano amesikia baridi ya namna hiyo, na sababu yake ni moja.

Sasa natuingie katika mashine. Iko gesi iitwayo amonia, yenye harufu kali ya kuwasha pua. Gesi hiyo yapendana mno na maji: maji baridi yaweza kunywa amonia mamia ya mara kuliko ujazo wake yenyewe, na yakitiwa moto huitapika tena. Mwaka 1859 Mfaransa mmoja, Ferdinand Carré, aliitumia tabia hiyo kufanya mashine ya barafu. Iliyo nyepesi kuielewa ina vyombo viwili vya chuma, vilivyounganishwa kwa bomba na kuzibwa barabara. Chombo cha kwanza kina maji yaliyokwisha kunywa amonia. Tia moto chini yake: amonia hutoka majini, ikapita bombani hata chombo cha pili kilichowekwa ndani ya maji baridi, na kwa kuwa imesongamana mno hugeuka majimaji. Kisha ondoa moto, uache chombo cha kwanza kipoe. Maji yake yatakuwa na kiu ya amonia tena. Amonia iliyo katika chombo cha pili itachemka yenyewe na kurudi ilikotoka, na katika kugeuka gesi itatwaa joto la kila kilicho karibu nayo, hata maji yaliyowekwa pale yagande. Huo ndio mtungi wetu, ila jasho lake limefungiwa ndani lisipotee, likatumika mara nyingi.

Angalieni ya kuwa mashine hii haiulizi moto umetoka wapi. Kuni, makaa, mafuta ya taa, yote ni sawa kwake. Hapo ndipo alipoingia mwalimu mmoja wa shule.

Augustin Mouchot alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Tours, nchi ya Ufaransa. Alihofu kwamba makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda vya Ulaya yangekwisha siku moja, akaanza kulijaribu joto la jua. Mwaka 1869 alitoa kitabu juu ya joto hilo na kazi zake viwandani. Katika Maonyesho Makubwa ya Paris ya mwaka 1878 alisimamisha bakuli kubwa la madini lenye kung'aa, mfano wa mwavuli uliopinduliwa, mdomo wake ukiwa na eneo la mita za mraba 20 hivi. Katikati palikuwa na birika lililopakwa rangi nyeusi na kuvikwa kioo, nalo bakuli likalielekezea miale ya jua. Kwa joto hilo Mouchot aliendesha mtambo wa mvuke. Kisha akaliunganisha na mashine ya Carré, akatoa bonge la barafu kwa nguvu za jua. Alipewa nishani ya dhahabu.

Lakini nishani si soko. Baada ya maonyesho mitambo hiyo ilipimwa tena kwa amri ya serikali. Wakaguzi walikiri kwamba jua lafanya kazi, lakini wakaona gharama yake imezidi faida. Makaa ya mawe yalikuwa yameshuka bei, na reli ziliyafikisha karibu kila mji wa Ufaransa. Kazi ya Mouchot ikaachwa, naye akafa maskini mwaka 1912.

Mwaka uliofuata, 1913, Mmarekani Frank Shuman alifungua mtambo wake huko Maadi, karibu na Kairo, kando ya mto Naili. Mtambo huo haukufanya barafu. Ulipandisha maji ya kumwagilia mashamba. Alitumia vioo vilivyopangwa kama mifereji mitano, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 60 na zaidi, navyo vilichemsha maji ya kuendesha pampu. Ulifanya kazi vizuri. Vita vikatokea mwaka 1914, mafundi wakatawanyika, na baada ya vita mafuta ya petroli yakawa rahisi. Jua likaachwa mara ya pili.

Wasikilizaji wangu, hapa ndipo penye fundisho ninalotaka mlishike. Mitambo hiyo haikushindwa kufanya kazi yake. Ilishindwa katika hesabu ya bei. Na bei si kama sheria ya maumbile, ambayo ni moja Paris na Tabora. Bei ni ya mahali na ya wakati. Makaa yaliyokuwa rahisi penye reli hayakuwa rahisi penye njia ya miguu.

Tazameni mfano wa karibu nasi. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliitengeneza upya mashine ya amonia hata ikafanya kazi mfululizo bila pampu na bila kitu chochote chenye kuzunguka. Taa ndogo ya mafuta iliyowashwa chini yake yatosha. Majokofu ya namna hiyo yaliingia Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 yalihifadhi dawa katika zahanati zisizo na umeme. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na digrii 8 za sentigredi. Basi fikirini zahanati iliyo mbali, wakati wa masika, njia imekatika na gari la mafuta halikufika. Taa yazimika, jokofu lapata joto, na chanjo yaharibika kimya kimya, pasipo kubadili rangi wala harufu. Mama atatembea kutwa na mtoto mgongoni, apate sindano isiyo na nguvu. Gharama hiyo haimo katika bei ya debe la mafuta, lakini hulipwa, na anayeilipa ni mtoto.

Je, leo mambo yakoje? Utafiti umeendelea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hii ya joto. Ziko mashine zitumiazo maji na chumvi iitwayo lithiamu bromaidi. Hutosheka na maji yaliyopashwa na jua hata digrii 80 au 90, na kwa kila sehemu 100 za joto hutoa sehemu 70 hivi za baridi. Hizo hufaa kupoza majumba makubwa, kwa kuwa jua likali hasa ndipo watu watakapo baridi. Ziko nyingine zitumiazo mkaa maalumu na spiriti ya methanoli: mchana jua hufukuza spiriti mkaani, usiku mkaa huinywa tena na maji hugandishwa.

Njia ya pili ni kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme kwa paneli, na umeme ukaendesha jokofu la kawaida. Paneli nzuri hugeuza sehemu 20 hivi tu katika 100, lakini kila sehemu moja ya umeme yaweza kuhamisha sehemu tatu za joto. Bei ya paneli nayo imeshuka mno, hata zahanati nyingi sasa hutumia majokofu ya namna hii. Mengine hayana betri hata moja: mchana hufanya barafu, na usiku barafu ndiyo akiba. Haki yatudai tuseme kwamba kwa jokofu dogo njia ya pili imeitangulia ya kwanza. Lakini hesabu ikibadilika mara moja, yaweza kubadilika tena. Haifai kuitupa elimu kwa sababu leo si rahisi.

Kwenu walimu wenzangu nina neno moja. Chukueni vipimajoto viwili, mkivike kimoja kitambaa kilicholowa maji, mviweke penye upepo, watoto wasome tofauti. Kisha chukueni makopo mawili ya maji, moja jeusi, moja jeupe, myaweke juani saa mbili. Mtoto aliyeyafahamu majaribio haya mawili ameupata msingi wa yote niliyoyanena. Siku atakapoambiwa mashine fulani haifai, amfundishe mwalimu wake kuuliza: haifai wapi, na kwa hesabu ya nani?