Gati Lilipokuwa Tupu


Tarehe 31 Julai 1996, baada ya Meja Buyoya kutwaa madaraka, majirani walikubaliana Arusha kuiwekea Burundi vikwazo. Nchi ile haina bahari. Petroli huiagiza yote, na nyingine ilipitia hapa Kigoma. Petroli ikawa ya magendo, bei ikaruka. Mkulima wa kahawa, asiyejua lolote la mapinduzi, akakosa mbolea.

Na sisi je? Mjomba wangu, kuli bandarini, alikaa nyumbani. Karo yangu ikachelewa muhula mzima. Kumbe mkoa wetu nao uliishi kwa mizigo ya jirani!

Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Leo niko kwenye mipango, na kila bajeti nauliza: shehena ya Burundi ikisimama tena, tutauza nini chetu? Wenzangu huniona msumbufu.