Wanafunzi Wasipunguziwe Kete

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mnaosoma sasa:

Limetolewa pendekezo kwamba katika mchezo wa sataranji baina yetu na wanafunzi, sisi wakubwa tuanze na ngome moja pungufu, kwa kuwa wanafunzi hushindwa kila mwaka. Naomba kulipinga.

Tarehe 17 Oktoba, 1956, mjini New York, Donald Byrne, mwenye umri wa miaka 26 na mmoja wa wachezaji hodari wa Marekani, alipambana na Bobby Fischer, mtoto wa miaka 13. Fischer alialikwa kwa sababu mwaka ule alitwaa ubingwa wa vijana. Hakupunguziwa kitu.

Katika hatua ya 11 alimpeleka farasi wake pembeni mwa ubao, mahali ambapo angeweza kuliwa. Byrne hakumla, angemla angepata hasara kubwa zaidi. Lakini hatua ya 17 ndiyo iliyowashangaza watu. Malkia wa Fischer alikuwa hatarini, naye badala ya kumwokoa akasogeza askofu. Byrne akamla malkia. Hapo mfalme wake akaanza kukimbizwa: farasi wa Fischer anaruka, askofu anamtishia mfalme, farasi anaruka tena, na katika kuruka huko anakula kete. Purukushani zilipokwisha, kwa malkia mmoja Fischer alikuwa amepata ngome, maaskofu wawili na askari mmoja. Malkia wa Byrne, pamoja na nguvu zake zote, alibaki mbali, hana la kufanya.

Hatua ya 41 mfalme alinaswa. Byrne angeweza kusalimu amri mapema, kama ilivyo desturi ya mabingwa, lakini alimwachia kijana amalize. Uungwana wa mkubwa mimi nauona hapo, siyo katika kuficha ngome mfukoni.

Na msidhani Fischer aliwashinda wote. Katika mashindano yale alipata alama 4½ tu kati ya 11. Alifungwa mara nyingi kuliko alivyofunga. Januari 1958 alikuwa bingwa wa Marekani nzima.

Vijana wetu wanachokosa ni mazoezi, maana ubao wenyewe wanauona siku ya mashindano tu. Nashauri tuchange, tununue mbao 4 na saa 2 za mchezo, zikae bwenini mwaka mzima. Ubao wa kwanza nitatoa mimi. Kesho saa nne asubuhi tukutane bwaloni, kete zote 32 zikiwa mezani.