Kunguni na Joto: Mazungumzo kwa Watu wa Machakos



Wako adui za mwanadamu ambao husemwa hadharani, na wako ambao hunong'onwa tu. Malaria husemwa, kunguni hunong'onwa. Mtu mwenye kunguni nyumbani huona haya kumwambia jirani yake, na jirani naye huona haya vile vile, na katika kunyamaziana huko kunguni hupita ukutani na kuzaana pande zote mbili.

Mazungumzo haya ni juu ya mdudu huyo, na juu ya silaha moja inayoulizwa sana, yaani kukipasha chumba joto mpaka kunguni wafe. Silaha hiyo ni ya kweli. Lakini ikishikwa vibaya haimwui kunguni, bali yaweza kumwua mwenye nyumba.

Haya ndiyo iondolewe kwanza. Kunguni si dalili ya uchafu wala ya umaskini. Mwaka wa 2023 mji wa Paris ulijaa malalamiko ya kunguni, wakatajwa katika magari ya moshi, katika majumba ya sinema na katika hoteli. Kunguni hafuati vumbi. Hufuata damu ya mtu aliyelala. Huingia nyumbani ndani ya sanduku la mwanafunzi arudiye kutoka bweni, ndani ya godoro lililonunuliwa kuukuu, ndani ya kochi la mnada, au katika mfuko wa mgeni aliyelala mahali penye wadudu hao. Nyumba safi humpata sawasawa na nyumba chafu. Tofauti ni kwamba penye vitu vichache na nyufa chache huonekana mapema.

TABIA ZA MDUDU HUYU

Ni vema kumjua adui kabla ya kupigana naye. Kunguni mzima ana urefu wa milimita tano hivi, ni bapa, rangi yake ya kahawia, wala hana mbawa. Mchana hujificha katika maungio ya kitanda, katika mshono wa godoro, nyuma ya picha ukutani, chini ya zulia na katika nyufa za udongo au saruji. Usiku hutoka akifuata joto la mwili na pumzi ya mtu. Jike hutaga mayai mamia katika maisha yake, na kila yai ni jeupe, dogo kama chembe ya chumvi, limebandikwa mahali ambapo ufagio haufiki. Kunguni aliyekosa chakula haondoki upesi wala hafi upesi; aweza kungoja miezi mingi.

Wataalamu hawajathibitisha kwamba kuuma kwake huambukiza watu magonjwa, wala haenezi UKIMWI. Lakini huleta upele na mwasho, na zaidi ya hayo hunyang'anya usingizi. Mtoto asiyelala usiku husinzia darasani, na mama asiyelala hana nguvu ya kubeba maji wala kupalilia.

KWA NINI WATU WAMEGEUKIA JOTO

Zamani palikuwa na tumaini kwamba dawa za sumu zingemaliza kunguni duniani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa ya DDT ilisifiwa mno. Lakini tangu mwaka wa 1947, katika visiwa vya Hawaii, walionekana kunguni wasiokufa kwa DDT. Jambo kama hilo lilitokea karibu na kwetu pia. Katika vijiji vya Muheza, huko Tanga, vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuzuia mbu viliwapunguza sana kunguni hapo mwanzoni. Baadaye wakarudi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha kwamba kunguni hao walikuwa wameizoea dawa yenyewe.

Sababu yake ni rahisi. Dawa huua walio dhaifu. Wachache wenye nguvu hubaki, nao ndio wazaao. Mwenye nyumba akiona dawa haifanyi kazi huongeza kipimo, au hununua sumu ya shambani na kuinyunyiza pale wanapolala watoto. Hilo ni kosa kubwa. Sumu iliyotengenezwa kwa mimea si ya kitanda. Dawa yo yote itumiwayo ndani ya nyumba yapasa kuwa imesajiliwa na PCPB, chombo cha serikali kinachoangalia dawa za wadudu, na maagizo ya kibandiko chake yafuatwe.

Joto lina sifa moja kubwa: kunguni aliyeizoea dawa hawezi kuokoka chumba kilichopashwa joto kwa kipimo na kwa muda uliotakiwa. Wala si jambo jipya. Mwaka wa 1925 yalichapishwa Marekani maandishi juu ya kuwaua kunguni katika vyumba vyenye mabomba ya mvuke. Na hapa kwetu akina mama wametoa vitanda uani na kumwagia maji yanayochemka katika maungio tangu zamani sana. Walijua siri ile ile.

HESABU YA JOTO

Sasa lifuatalo ndilo neno lenyewe la mazungumzo haya: kunguni haui na moto mkali, bali huuawa na joto lililopimwa, linalofika kila mahali, na kukaa muda wake wote.

Stephen Kells na Michael Goblirsch wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka wa 2011. Waliona kwamba katika digrii 45 za sentigredi kunguni wazima hufa baada ya muda wa saa moja na nusu na zaidi kidogo. Lakini mayai katika digrii hizo hizo yaliweza kuishi hata saa saba. Katika digrii 48, mayai yalihitaji dakika 72 hivi. Digrii tatu tu zilileta tofauti ya saa nyingi.

Kwa hiyo mtu anayepima kwa kiganja chake amekwisha kushindwa. Digrii 40 kwa mkono wa mtu ni joto kali. Kwa kunguni ni sababu ya kutambaa na kutafuta mahali pa baridi. Na mahali pa baridi hapakosekani: ndani ya godoro, chini ya kitanda, katika sakafu ya saruji, katika ukuta wa matofali unaonyonya joto polepole. Hewa ya katikati ya chumba yaweza kufika digrii 50, na huku ufa wa ukuta uko digrii 30. Walio hai katika ufa huo, pamoja na mayai yao, watajaza chumba tena.

Mafundi wa kazi hii hutumia mitambo ya joto inayobebeka, iliyotengenezwa kwa shughuli hiyo hasa. Huipasha hewa mpaka ipite digrii 50 sana, huweka feni za kuisukuma chini ya vitanda na pembeni, na huweka vipimajoto vingi mahali palipo pagumu kupata joto. Saa haianzi kuhesabiwa mtambo unapowashwa. Huanza pale kipimajoto cha mahali pa baridi kuliko pote kinapofika kipimo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Kabla yake huondolewa mitungi ya gesi, makopo ya kupuliza, mishumaa, dawa za hospitali, chakula, simu na wanyama.

Mtu atakaye kumwita fundi wa namna hiyo amwulize swali moja: "Utapima joto mahali gapi?" Fundi anayejibu kwamba atapima hewa tu, au hatapima kabisa, hastahili kulipwa.

HITA YA DUKANI NA JIKO LA MAKAA

Lakini watu wengi hawana fedha za kumlipa fundi, na hapo ndipo hatari inapoingia. Mtu husikia kwamba joto huua kunguni. Basi hununua hita ndogo ya umeme, au huchukua jiko la makaa, akafunga madirisha.

Hita ya dukani imetengenezwa ili imfurahishe mtu aliyeketi, si ili ichome chumba. Nyingi hujizima zenyewe chumba kinapopata joto la kuridhisha, ambalo kwa kunguni ni kama siku njema ya kutembea. Tena chumba cha kupanga cha Machakos, futi 10 kwa 10, mara nyingi hakina dari; joto hupanda na kutoka chini ya mabati. Wengine huongeza hita ya pili na ya tatu kwa waya mmoja wa ekstensheni. Hita moja ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na soketi ya kawaida ya Kenya ni ya ampea 13 tu. Waya ukizidiwa huyeyuka, na karibu yake kuna godoro na pazia. Hivyo ndivyo nyumba zinavyoteketea.

Jiko la makaa ni baya zaidi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, baridi inaposhuka kutoka vilima vya Iveti na Mua, watu huliingiza jiko ndani. Makaa yanayowaka penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, wala haikohozi mtu. Aivutaye huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husinzia, na hatimaye haamki. Kunguni, anayevuta hewa kidogo sana, atakuwapo asubuhi ukutani. Jiko lisitumiwe kamwe kuua kunguni katika chumba kilichofungwa, hata kama watu wamekusudia kukaa nje, maana atakayerudi kuangalia ndiye atakayeanguka. Vivyo hivyo mafuta ya taa na petroli yasipakwe kitandani.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI

Je, maskini hana silaha? Anayo. Asiyeweza kupasha chumba kizima joto aweza kupasha vitu vyake kimoja kimoja, na hapo joto hutii.

Kwanza, nguo, mashuka, mablanketi na vyandarua visivyo na dawa vifungwe mfukoni palepale chumbani, visikokotwe nyumba nzima. Vile vinavyostahimili maji ya moto vilowekwe katika maji ya zaidi ya digrii 60, kisha vikauke kabisa. Chandarua chenye dawa ya mbu kisichemshwe, maana kitapoteza nguvu zake; kifuliwe kama kilivyoagizwa na kukaguliwa mishono yake kwa macho.

Pili, kitanda kifunguliwe vipande vyote na kutolewa uani. Kwa mwinuko wa Machakos maji huchemka karibu digrii 95, nayo yatosha sana, lakini hupoa upesi. Yamwagwe yakiwa bado yanachemka, moja kwa moja katika matundu na maungio, wala yasinyunyizwe juu juu. Watoto wakae mbali.

Tatu, pasi ya moto ipitishwe polepole katika mishono ya nguo nene na mapazia.

Nne, jua la Februari au Oktoba litumiwe kwa akili. Kuanika godoro tu hakutoshi, maana kunguni huhamia upande wa kivuli. Vitu vyembamba vitandazwe, vifungwe ndani ya nailoni nyeusi nzito, viwekwe juu ya mabati au saruji palipo na jua kali, na kipimajoto kiwekwe katikati. Kikipita digrii 50 na kukaa hapo kwa muda wa saa mbili, kazi imefanyika. Kisipofika, kazi haijafanyika, hata jua liwe kali namna gani. Godoro nene halipati joto la kutosha katikati. Hilo lisuguliwe mishono kwa brashi, kisha lishonewe mfuko wa kitambaa kizito usio na tundu.

Tano, nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo au saruji, kitanda kisogezwe mbali na ukuta, na kazi yote irudiwe baada ya wiki mbili, maana mayai yaliyosazwa huwa yameanguliwa.

KAZI YA WENGI

Liko jambo la mwisho, nalo lapita yote. Katika ploti yenye vyumba kumi mstari mmoja, mpangaji wa chumba cha nne akipigana peke yake atawafukuza kunguni waende cha tatu na cha tano, na baada ya mwezi watarudi kumsalimu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Watu wa Machakos hawahitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Katika miaka ya 1930 vilima vya hapa vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko. Hatimaye vikajaa matuta, na mengi ya hayo yalichimbwa kwa mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwethya ule ule wafaa ndani ya ploti. Siku moja ya Jumamosi wapangaji wote watoe vitanda uani, mwenye nyumba anunue saruji ya kuziba nyufa, masufuria makubwa yawekwe motoni nje, kipimajoto kimoja kinunuliwe kwa mchango, na ofisa wa afya wa eneo lao aombwe ushauri.

Lakini siku hiyo haitapangwa mpaka mtu mmoja akubali kusema kwa sauti, mbele ya jirani zake: "Kwangu wamo." Ndipo wa pili atakaposema, na wa tatu. Huo ndio mwanzo wa usingizi.