Mahakama na Serikali: Neno la Mwisho ni la Nani?

 Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa. Nanyi mnaosoma maneno haya katika karatasi, someni pole pole, mkifuata kwa kidole. Ukikuta neno gumu usilikimbie. Nitalieleza.

Leo nasema hasa na darasa la Kikatiti, lakini maneno ni ya madarasa yote. Ninyi wa Kikatiti mwakaa kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, chini ya Mlima Meru. Kila mtu hapo anajua thamani ya shamba. Kwa hiyo nitawaeleza jambo kubwa la utawala kwa njia ya shamba. Swali letu ni hili: Serikali ikikosea, ni nani awezaye kuiambia, "Hapana, hapo umevuka mpaka"?

Kwanza twende nyuma, mpaka mwaka 1951. Wazee wenu wanaijua habari hii, na wengine wameipokea kwa baba zao. Wakati ule nchi ilikuwa chini ya Waingereza. Hapo nyuma, Serikali yao ilikuwa imemtuma jaji mmoja, Mark Wilson, achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Kutokana na taarifa yake, Serikali ikaamua kwamba nchi ya Engare Nanyuki iwe ya walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru waliokuwa wakikaa huko, watu wapata elfu tatu, wakaondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Je, waende kwa nani? Aliyepima ardhi yao alikuwa jaji. Aliyewafukuza alikuwa Serikali. Aliyetunga sheria alikuwa Serikali ile ile. Hapakuwa na Katiba ya kumwezesha mkulima kusimama mbele ya mahakama na kusema, "Sheria hii yenyewe ni mbaya, ifuteni." Basi Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York, kwenye Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Dunia ikasikia. Lakini katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata kura theluthi mbili, na ardhi haikurudishwa wakati huo.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtu avuka bahari kutafuta wa kumsikiliza, kwa kuwa nyumbani hakuna.

Sasa tutazame mambo yalivyo katika Katiba yetu ya mwaka 1977. Kazi ya kutawala imegawanywa sehemu tatu. Bunge hutunga sheria. Serikali hutekeleza, yaani hufanya kazi ambazo sheria zimeamuru. Mahakama huamua mashauri na kueleza maana ya sheria. Ni kama mafiga matatu ya jikoni. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Figa moja likiwa refu kuliko mengine, chungu kitainama na uji utamwagika.

Mwaka 1984 haki za msingi za watu ziliandikwa ndani ya Katiba hiyo. Mahakama zilipewa uwezo wa kuzisimamia kuanzia mwaka 1988, ili Serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zake za zamani. Ibara ya 24 inasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali, na asinyang'anywe bila fidia inayostahili. Ibara ya 30 inasema kwamba mtu anayeona haki yake imevunjwa aweza kufungua shauri katika Mahakama Kuu. Neno "ibara" maana yake ni sehemu moja ya Katiba yenye namba yake.

Maandishi haya yalipata kujaribiwa katika Mkoa wetu wa Arusha. Palikuwa na baba na mwanawe, wakulima. Mwaka 1987 walishinda kesi ya shamba lao la kimila katika mahakama ya hakimu mkazi, wakarudishiwa shamba. Mashauri ya namna hiyo yalikuwa mengi, maana wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu walihamishwa na mashamba yao wakapewa wengine. Wenye mashamba walipoanza kudai na kushinda, Serikali iliogopa kwamba vijiji vitavurugika. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa wale waliopewa mashamba nao walikuwa wamekwisha jenga na kulima. Basi mwaka 1992 Bunge likatunga sheria. Ilifuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vile, ikakataza fidia, ikasimamisha kesi zilizokuwa mahakamani, na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Sikilizeni vizuri hapo. Mtu ameshinda kesi, kisha inatungwa sheria ya kusema kushinda kwake si kitu.

Baba na mwana wakaenda Mahakama Kuu, Arusha. Jaji Munuo akasema sheria ile inavunja Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani. Mwezi Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, majaji watatu chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa hukumu. Shauri hilo linajulikana kama kesi ya Akonaay. Majaji walisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na inalindwa na Katiba. Isipokuwa hivyo, wananchi walio wengi watakuwa kama wapangaji wasio na kibali katika nchi yao wenyewe. Walisema pia kwamba mtu aliyetia jasho lake katika ardhi anastahili fidia akinyang'anywa, na kwamba si haki kumfungia mtu mlango wa mahakama. Wakavifuta vifungu vilivyovunja Katiba.

Tazameni tofauti ya mwaka 1951 na mwaka 1994. Safari ya Kirilo Japhet ilikuwa ya kuvuka bahari. Safari ya baba na mwana ilikuwa ya mpaka Arusha mjini. Baadaye, mwaka 1999, Sheria ya Ardhi ya Vijiji iliandika kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati ya Serikali.

Lakini msidhani mahakama yaweza yote. Mahakama haina askari wa vita wala haina hazina ya fedha. Haitungi sheria. Haianzi kesi yenyewe, bali hungoja iletewe. Nguvu yake ni neno lake, na sababu inazotoa, na heshima ya watu.

Mfano ni kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Alidai kwamba raia aweze kugombea uchaguzi bila kuwa mwanachama wa chama chochote. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimkubalia. Mwaka ule ule Bunge likabadili Katiba yenyewe ili jambo hilo lisiwezekane. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia tena. Mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema jambo hilo ni la siasa, liamuliwe na Bunge. Miongoni mwa hao saba walikuwamo Jaji Munuo, yule yule wa kesi ya shamba, na Jaji Ramadhani. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikasema haki ya Mtikila imevunjwa. Hata hivyo uchaguzi wa mwaka 2015 na wa mwaka 2020 ulifanyika bila mgombea binafsi. Na mwaka 2019 Serikali iliondoa tamko lake la kuwaruhusu watu binafsi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Mtu mmoja atasema, "Majaji walikuwa waoga." Mwingine atasema, "La, walijua mpaka wao. Jaji hakupigiwa kura na mtu; akianza kuamua kila jambo la siasa, tumechagua wabunge wa nini?" Hoja zote mbili zina uzito, na mtajadiliana darasani. Mimi nitasema moja tu. Jaji akikaa kimya wakati mtu ananyang'anywa haki iliyoandikwa, amelitupa figa lake. Na jaji akitaka kupanga bei ya mahindi na mahali pa kupitisha barabara, amechukua figa la mwenzake. Mpaka wa kumwongoza ni Katiba, wala si upendo wake kwa mkulima au hofu yake kwa mkubwa.

Na wewe je, msomaji? Wewe ndiwe unayeifikisha kesi mahakamani. Wale baba na mwana wasingeenda, vifungu vile vingesimama. Basi tunza karatasi zako: barua ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila, nakala ya hukumu. Ukipewa karatasi ya kutia sahihi au dole gumba, isome yote kwanza. Ukishindwa kesi, uliza siku za kukata rufani ni ngapi, usikae ukalala. Ndiyo maana mmekuja darasani. Haki iliyoandikwa ni ya kila mtu, lakini humsaidia upesi yule awezaye kuisoma.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Taja sehemu tatu za utawala, na kazi ya kila moja.
2. Kwa nini Wameru hawakupata msaada mwaka 1951 kama walioupata wakulima wawili mwaka 1994?
3. Katika kesi ya shamba, wale waliopewa ardhi wakati wa Operesheni Vijiji nao walikuwa na watoto. Ungekuwa wewe jaji, ungewaambia nini?
4. Mwaka 2010 majaji walisema jambo la Mtikila ni la Bunge. Unakubali? Toa sababu.