KIPANDE, KITAMBULISHO NA KATIBA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bute)



Nimeombwa niseme habari za Katiba. Najua wengine wenu mnasema moyoni, "Katiba ni maneno ya mawakili wa Nairobi, sisi tunataka maji na mshahara." Basi leo nataka kuwaonyesha ya kwamba maji na mshahara ni maneno ya Katiba hasa.

Nitaanza na kipande. Wazee wanakumbuka hadithi yake. Tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyekwenda kutafuta kazi ilimpasa kuchukua kipande, na wengi walikitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Bila kipande huna kazi, na bwana akikataa kukitia sahihi huwezi kuandikwa kwingine. Mwaka wa 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kuupinga utaratibu huo na kodi, na watu waliokusanyika Nairobi wakidai afunguliwe walipigwa risasi.

Huku kwetu mambo yalikuwa mazito zaidi. Kwa sheria ya mwaka wa 1926, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa. Hakuna aliyeingia wala kutoka bila ruhusa. Hata watu waliopigania wafanya kazi waliletwa kaskazini kama vile kutupwa. Makhan Singh alisimama Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950, akadai uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akawekwa kizuizini Lokitaung na Maralal, asifunguliwe mpaka Oktoba 1961. Serikali ya kikoloni iliifanya nchi yetu kuwa gereza.

Sasa tuje kwenye Katiba yenyewe. Mwaka wa 1960 wajumbe walikutana Lancaster House, London. Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi, alikuwamo. Mshauri wao alikuwa Thurgood Marshall, wakili Mmarekani Mweusi aliyeshinda kesi ya kukomesha shule za ubaguzi kwao. Yeye aliandika rasimu ya haki za raia. Nia ilikuwa njema, na ni nyepesi kueleza: mtu asifungwe bila hukumu, asibaguliwe kwa asili yake, na serikali nayo iwe chini ya sheria.

Lakini ndugu zangu, lazima tuseme kweli. Mwaka wa 1962 tume ilikuja kuwauliza watu wa kaskazini maoni yao. Wasomali wengi walisema wanataka kuungana na Somalia. Hawakusikilizwa, na uchaguzi wa Mei 1963 ukasusiwa. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Hata majuma matatu hayajatimia, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vilikwisha mwaka wa 1967, lakini amri za hatari zilibaki mpaka mwaka wa 1991. Wakati Mkenya wa Nyeri au Kisumu alikuwa na haki zilizoandikwa, sisi tulikuwa na amri. Yaliyotokea Wagalla, Februari 1984, hamhitaji nieleze.

Hata wenzetu wa vyama walikosea. Mwaka wa 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliotoka katika wizara ya Mboya huyu huyu. Ulisema fedha za maendeleo zipelekwe mahali penye ardhi nzuri na mvua, ambapo zitazaa zaidi. Mwenye mvua akaongezewa, na mwenye ukame akaambiwa angoje. Simsemi marehemu kwa ubaya. Nasema hivi ili tujue ya kwamba ahadi nzuri haijilindi yenyewe.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilipata kazi ya kumsaidia fundi wa pampu ya kisima. Nikatakiwa kitambulisho. Katika ofisi moja karani aliniuliza jina la babu, kisha la babu wa babu, kisha akaniambia nirudi mwezi ujao. Nilirudi miezi mingi. Kazi ikachukuliwa na mwingine. Babu zetu walilazimishwa kubeba kipande, sisi tulinyimwa.

Katiba iliyotiwa sahihi tarehe 27 Agosti 2010 ililijibu jambo hili. Shikeni vifungu vinne. Cha 12 kinasema kila raia anayo haki ya kupata hati za utambulisho. Cha 27 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, lugha hata mavazi. Cha 41 kinampa mfanya kazi malipo ya haki, hali njema ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Na cha 204 kinatenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya nchi kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, matibabu na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Hicho ndicho jibu kwa Waraka Namba 10.

Fedha hizo zilichelewa sana kutoka. Na sikilizeni vizuri: kifungu hicho kiliwekewa miaka 20 tu. Kinakwisha mwaka wa 2030, isipokuwa Bunge likiongeza muda. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa uchunguzi wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa mpakani. Neno jema hilo, lakini karani ndiye atakayetuonyesha kama ni kweli.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mwanachama amsindikize kijana mmoja asiye na kitambulisho, na akikataliwa aandike tarehe na sababu aliyopewa, alete katika tawi. Pili, tawi limwulize Mbunge wetu kwa barua: fedha za kifungu cha 204 zimefanya kazi gani Wajir Kaskazini, na atasema nini kuhusu mwaka wa 2030? Tatu, kibarua wa siku moja naye asajiliwe katika chama.

Wazee walisema ahadi ni deni. Katiba ni ahadi ya nchi kwetu sisi, na mwenye kudai deni hanyamazi nyumbani.

Umoja ni nguvu.